Jumamosi Inawafaa?

Verna Etsitty alikuwa na desturi ya kupekua mifuko ya nguo kabla ya kuzitia kwenye mashine, maana nyumba ile ilikwisha kufua kalamu tatu na simu moja. Alhamisi ile jioni, katika suruali ya Renita, binti yake mdogo, alikuta ufunguo uliofungwa utepe mwekundu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Juu palikuwa na nembo mbili: ya chuo chao kidogo cha Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, na ya chuo kikuu kimoja cha mbali kilicholeta ufadhili ili vijana wa pale wajiunge kwa wingi na sayansi ya viumbe hai. Chini yake paliandikwa: "Jumamosi, saa tatu hadi saa sita. Kuhesabu nyuki mizingani jua likipatwa. Kiongozi wa wanafunzi: Renita Etsitty."

Verna alirudia kusoma lile jina, akaificha karatasi nyuma ya mgongo. Alichelewa. Kaylene, binti mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni na tumbo la miezi minane mbele.

"Hicho nini?"

"Karatasi ya shule."

"Karatasi ya shule ndiyo ya kufichwa?" Kaylene alinyoosha mkono, akapewa, akasoma. "Renita! Wewe Renita! Hebu njoo hapa."

Renita alikuja kutoka nje, mikono imejaa majani makavu ya kondoo. Alipoiona ile karatasi, akajua yamefika.

"Hii ni nini?" dada yake akauliza.

"Ratiba."

"Kusoma najua. Nakuuliza, Jumamosi utatoka nje?"

"Sijasema nitatoka."

"Umesema hutatoka?"

"Nalo sijalisema."

Bibi Yanabah, mama yake Verna, alikuwa mezani akipukuchua mahindi ya buluu. Hakuinua kichwa. "Punguzeni sauti," alisema. "Jambo hilo limekaribia. Halisemwisemwi."

Kwetu jua likipatwa, watu huingia ndani wakatulia. Jua linakufa na kuzaliwa upya, na hiyo ni shughuli yake, haichunguliwi. Hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna kulala. Shule hufungwa, ofisi hufungwa, kondoo hubaki zizini. Mwenye mimba ndiye anayejichunga kuliko wote. Na siku zikikaribia, mtu halitaji ovyo, asije akalikaribisha vibaya. Basi hilo la mwisho ndilo lililoleta balaa lote.

Maana mwezi wa nane Profesa Pruitt aliwaita wanafunzi sita wa mradi kwenye mkutano wa kompyuta, yeye akiwa kwake, wao wamebanana kwenye meza moja. Akaeleza kwa furaha kwamba pete ya jua, mwezi ukilifunika katikati na kubakiza ukingo wa moto, itapita juu kabisa ya mizinga ya chuo chao, bahati ambayo watafiti wengine wanaililia. Akauliza: "Jumamosi ya tarehe kumi na nne, mwezi wa kumi, inawafaa?" Wote sita wakatazama meza. Mmoja akakohoa. Hakuna aliyefungua kinywa. "Safi sana!" akasema Profesa, akaandika. Huko kwao asiyekataa amekubali. Kwetu ukiuliza jambo na watu sita wakainamisha macho, umeshajibiwa, jiondokee na heshima yako.

"Kwa nini hukumwambia?" Verna aliuliza.

"Tulimwambia, Mama. Tulinyamaza wote sita. Nani asiyeelewa watu sita wakinyamaza?"

"Mzungu," alisema Kaylene.

Siku nyingine wangecheka. Renita aliyaweka majani chini, akajifuta mikono kwenye suruali. "Nafasi ni mbili tu," alisema, na sasa alikuwa akiongea na mama yake peke yake. "Wiki kumi kwenye maabara yao, kiangazi. Ukitoka pale, shule yoyote inakupokea. Asiyefika siku ya mizinga hahesabiwi, wameandika. Miaka miwili nimefagia mavi ya nyuki, nimeumwa mpaka jicho likaziba. Sasa niikose kwa sababu ya asubuhi moja?"

"Asubuhi moja," Kaylene alirudia polepole. Alikuwa amepoteza mimba moja mwaka juzi, ya miezi sita, na nyumbani mle hakuna aliyeitaja tangu siku ile. "Sikiliza, mdogo wangu. Ukitoka Jumamosi, usirudi humu mpaka nijifungue. Mtoto wangu akipata lolote, pole yako sitaitaka. Sitaki hata kukuona."

Alirudi chumbani, akafunga mlango taratibu, na ule utaratibu ndio uliomtisha Verna. Angeubamiza ingekuwa afadhali.

"Kesho naenda mwenyewe," Verna alisema. "Nitamwambia huyo mama. Mtu mzima kwa mtu mzima. Mbona rahisi tu."

Bibi Yanabah aliendelea na mahindi yake. Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye bakuli.

*

Verna alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Ijumaa alitoka kazini saa nane bila kupita nyumbani, akamchukua Renita njiani, na dakika arobaini nzima wakasafiri bila maneno. Alikuwa akiyapanga kichwani: nitaanza kwa kumsalimu, nitamuuliza safari, nitamwambia, mwalimu, kuna jambo.

Kwenye mlango wa chuo lilibandikwa tangazo: Kesho Jumamosi tumefungwa. Wenyewe wakilisoma wanajua chuo kimefungwa kwa nini. Mgeni akilisoma anaona wikiendi.

Profesa Pruitt alikuwa kwenye chumba cha baiolojia, kati ya masanduku yaliyofunguliwa, kofia pana kichwani na pua imeshababuka kwa jua la siku moja. Alipomwona Verna na sare yake ya jikoni, uso ukamchangamka.

"Oh, asante sana! Chakula kimefika. Weka tu pale karibu na sinki."

Verna alitazama sinki. Alitazama mikono yake mitupu.

"Ni mama yangu," alisema Renita.

"Mungu wangu! Jamani, nisamehe. Nisamehe sana. Waliniambia italetwa sandwichi, sasa nilipoona sare… nisamehe, Bi Etsitty. Ni heshima kubwa kukuona. Kwa kweli nisamehe." Aliomba radhi mara nyingi mno, mpaka Verna akawa yeye ndiye wa kumbembeleza, si kitu, si kitu. Na maneno yote aliyoyapanga barabarani yakatawanyika.

"Nimekuja kuhusu kesho," alisema hata hivyo. Alijikaza, akalifikisha hapo.

"Kesho! Sijui kama usiku nitapata usingizi!" Profesa aliketi juu ya sanduku, akashusha sauti. "Bi Etsitty, nikwambie ukweli wa Mungu. Kule kwetu kuna wakubwa wanaosema hela za vyuo vidogo zinapotea bure. Wanasema tunafungua milango, vijana wenyewe hawaingii. Mimi nimebishana nao miaka mitatu. Nikirudi na karatasi hii," aliinua kibao kilichobanwa karatasi ya mahudhurio, majina sita na visanduku sita vitupu, "imejaa alama, nitawaziba midomo. Ikirudi tupu, mradi umekufa. Na binti yako ndiye kiongozi wao! Ana kipaji huyu. Unajua kwamba ana kipaji?"

"Najua," Verna alisema.

Palikuwa na dirisha, na ndani ya dirisha palikuwa na jua lenyewe, la saa tisa, zima, likiwatazama. Kesho yake lina jambo lake. Kulitaja sasa, mbele ya mtu anayecheka, katikati ya masanduku, ilikuwa sawa na kutangaza msiba wa mtu ambaye bado anapumua. Aliinamisha macho. Akanyamaza, akangoja mwenzake aelewe.

Profesa aliona mama mwenye haya. Akainuka haraka, akatoa boksi dogo. "Na hii ni zawadi ya familia. Miwani ya kutazamia jua, minane. Mmoja wa Bibi, nimesikia yupo Bibi! Atafurahi, eti?"

"Asante," alisema Verna.

Nje, karibu na uzio wa mizinga, walimkuta Delbert Bitsilly, mhadhiri wao, akipakia majani ya ng'ombe kwenye pikapu yake. Verna alimvamia. "Delbert, umemwambia?"

"Nimwambie nini? Tangazo si liko mlangoni?"

"Yeye anafikiri ni wikiendi."

Delbert aliacha kupakia. Alitazama miguu yake kwa muda. "Nilidhani vijana wamemwambia," alisema.

"Vijana walidhani wewe umemwambia."

"Na wewe, dada, umetoka humo ndani. Umemwambia?"

Verna alijikuta ameshika boksi la miwani kifuani. Waliingia ndani ya gari.

"Ulisema asante," alisema Renita walipofika barabara kuu.

"Nilisema asante."

Renita alianza kucheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine, akageuzia uso dirishani. Baada ya kilomita kadhaa aliingiza mkono mfukoni na kutoa ule ufunguo wenye utepe mwekundu. Ulikuwa ufunguo wa uzio wa mizinga.

"Hukumpa?" Verna aliuliza.

"Ningempa angeniuliza kwa nini nampa."

*

Jumamosi Bibi Yanabah aliamka kabla ya wote. Alitundika blanketi kwenye kila dirisha, la mashariki akalitundikia lile zito la zamani, akafunika ndoo za maji. Waliwahi kula uji wa mahindi, kila mtu kwa haraka. Kaylene alikaa pembeni mwa ukuta wa chumba cha mbele, miguu imenyooka, shuka mabegani. Mumewe Leland alikuwa kazini relini, siku tatu kwa gari. Kaylene hakumtazama mdogo wake hata mara moja.

Saa mbili na nusu Renita alitoka chumbani amevaa suruali nene na buti za mizingani.

Verna aliosha bakuli ambalo lilikuwa safi.

"Nampelekea ufunguo tu," alisema Renita. "Nikishampa narudi."

"Dakika arobaini kwenda," alisema Verna. "Itakukutia njiani, ukirudi. Peke yako barabarani."

"Nitaegesha. Nitafunika macho."

"Mwache aende," alisema Kaylene kwa ukuta. "Ameshavaa buti."

"Kaylene, nyamaza!"

"Ninyamaze? Si ndiyo kazi yetu sote humu, kunyamaza? Mimi ndiye nimebeba tumbo, yeye ana nyuki. Akahesabu nyuki wake!"

Renita alimgeukia mama yake. Kwa sauti ya chini, ile ya utotoni akiomba kitu alichojua hapati, akasema: "Mama, funguo za gari."

Zilikuwa mfukoni mwa aproni ya Verna. Alizishika kupitia kitambaa. Alikuwa na mabinti wawili tu, na chumba kile kimoja kilitosha kuwapoteza wote wawili kwa siku moja. Akimpa huyu, anamvunja yule. Akimnyima, atamtazamaje mwezi wa sita, nafasi ile ikiwa ya mtoto wa mtu mwingine? Alitamani Bibi aamue. Bibi alikuwa anabana pindo la blanketi kwa pini na hakugeuka.

"Chagua mwenyewe," alisema Verna, akaziweka mezani.

Renita alizitazama funguo. Saa ya ukutani ilikwenda. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Aliitazama miguu ya dada yake, soksi moja nyeusi na moja ya kijani, maana Kaylene hakuweza tena kuinama kuchagua. Ilipofika saa tatu kamili alikaa chini pale pale mlangoni, mgongo kwenye mbao, na buti zake miguuni. Hakuzivua.

*

Wakakaa. Nyumba ilikuwa nusu giza. Mbwa aliyekuwa chini ya gari alinyamaza, na ndege wa kwenye nguzo ya umeme nao wakanyamaza. Baridi ilianza kuingia, baridi isiyo ya saa ile. Verna alikuwa akihesabu pumzi za Kaylene bila kutaka.

Ndipo wakasikia gari.

Liliteremka njia ya vumbi kwa kasi, likasimama, mlango ukafunguka. Nyumba za kule hazina namba. Renita alipojaza fomu za mradi alichora ramani, tangi la maji, halafu zizi, halafu nyumba yenye matairi juu ya paa, na sasa ramani ile ilikuwa imeleta mtu. Mlango uligongwa nyuma ya kichwa cha Renita.

"Renita? Renita, upo? Ni mimi!"

Renita aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Renita, hakuna aliyekuja! Hata mmoja! Uzio umefungwa, Bwana Bitsilly hapatikani. Ufunguo unao wewe! Zimebaki dakika arobaini na tano pete ifike. Nipe ufunguo tu, tafadhali. Uupitishe chini ya mlango!"

Chini ya mlango palikuwa na upenyo, kweli, wa vidole viwili, uliozibwa kwa taulo. Renita alitoa ufunguo. Alimtazama mama yake. Sauti ya nje ilikuwa imeanza kukatika. "Nimetoka mbali. Nimefanya nini? Niambieni basi nimefanya nini?"

Kaylene alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani. "Asifungue," alisema ndani ya shuka. "Mama, usimruhusu afungue."

"Nani huyo?" Bibi Yanabah aliuliza kwa Kinavajo.

"Mwalimu wake Renita."

"Yuko nje?"

"Yuko nje, Mama."

"Saa hii?" Bibi alikuwa ameshasimama. Miaka themanini na mitano, na alisimama bila kushika kitu. "Mtu yuko nje saa hii nanyi mmekaa mnatazamana? Ana mama yake huyo! Mwingizeni ndani. Verna, mfunike dada mtu. Wewe mwenye buti, fungua, mvute, funga."

Verna alimrukia Kaylene na blanketi la kitandani, akamkumbatia na kumfunika mzima. Mlango ulifunguka, mwanga wa ajabu, wa rangi ya bati, ukaingia na kukatika. Profesa Pruitt alikuwa ndani, kofia imepinda, kibao kifuani, miwani ya karatasi juu ya paji la uso.

"Asante Mungu. Ufunguo…"

"Kaa chini," alisema Verna.

"Sina muda wa kukaa, Bi Etsitty, zimebaki dakika…"

"Kaa!" Ilikuwa sauti ya jikoni, inayotuliza watoto mia mbili. Mgeni alikaa. Na Verna akasema, kwa kunong'ona, mbio mbio, yale ambayo Ijumaa hayakutoka. "Sasa hivi kwetu hakuna anayetoka. Hakuna anayekula wala kunywa wala kutazama. Watoto wote sita wako majumbani mwao wamekaa hivi hivi. Chuo kimefungwa kwa ajili hii. Huyu binti yangu ana mimba, na mtoto wa mimba iliyotangulia alimpoteza. Mlango huu haufunguki tena mpaka saa sita. Basi."

Profesa alitazama mlango. Alitazama saa yake. Ilikuwa dhahiri kwamba hesabu zilikuwa zinampita kichwani: tikiti za ndege, miezi, wakubwa. Uso ulimwiva. Angeweza kuinuka, na hakuna ambaye angemshika. Mdomo ulifunguka, na Verna akajiandaa kwa tusi.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?" alinong'ona.

Bibi Yanabah alimsukumia kigoda cha ngozi ya kondoo, akarudi mahali pake.

Walikaa. Mgeni alitoa chupa ya maji, akaifungua kwa mazoea, akaona Bibi anamtazama, akaifunga. Simu yake ilitetemeka sakafuni kwa kengele aliyoitega mwenyewe, ikimkumbusha kwamba pete iko karibu. Aliizima. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Verna alimhurumia na pia alikuwa na hasira naye, vyote viwili kwa pamoja.

Hapo ndipo Verna alipoliona doa.

Blanketi zito la mashariki lilikuwa na tundu, la cheche ya jiko la zamani, dogo kama kichwa cha msumari. Mwanga ulipita hapo ukaangukia sakafuni, na doa lake halikuwa duara. Lilikuwa limemegwa, limebaki ukingo mwembamba, kama ukucha uliokatwa. Lilikuwa jua lenyewe, lile lile, limeingia ndani. Na lilikuwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye ile soksi ya kijani ya Kaylene, likisogea.

Verna aliinamisha macho upesi. Alitaka kuinuka, lakini kuliziba tundu kungemtaka alitazame. Alipoyainua macho kidogo, hakutazama doa. Alimtazama mgeni.

Profesa Pruitt alikuwa ameliona. Yeye katika watu wote alijua anachokiona. Alichokifuata kwa ndege mbili na gari la kukodi kilikuwa miguuni pake. Uso wake wote ulibadilika, ukawa wa mtoto. Mkono ukateleza kuelekea kwenye simu.

Verna aliutazama mkono ule. Hakuweza kusema neno, na safari hii hata kama angeweza asingelisema. Alinyamaza kwa nguvu zake zote.

Mkono ulisimama. Profesa alimtazama Verna. Akatazama soksi, moja nyeusi na moja ya kijani, na lile tumbo chini ya blanketi linalopanda na kushuka. Kisha alibandua karatasi kwenye kibao chake, ya mahudhurio, majina sita, akaikunja na kuikunja tena mpaka ikawa kama kizibo. Aliinuka kwa magoti, akasogea dirishani huku amegeuzia uso ukutani ili asichungulie, akapapasa blanketi kwa vidole mpaka akalipata tundu. Akaipachika karatasi.

Chumba kilikuwa giza. Alirudi kwenye kigoda chake akakaa, mikono mapajani.

Bibi Yanabah, ambaye Verna aliapa alikuwa amefumba macho muda wote, alisema neno moja la shukrani kwa Kinavajo. Hakuna aliyemtafsiria mgeni.

*

Saa sita na dakika chache Bibi aliondoa blanketi la kwanza, akasema yamekwisha. Ndege walikuwa wameanza kelele. Kaylene alijifunua, nywele zimelowa jasho, akashika tumbo na kungoja. Wote walingoja naye. "Anapiga teke," alisema hatimaye. "Anapiga kama punda."

Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda kwenye ndoo, akachota kikombe. Hakunywa. Alikibeba mpaka mlangoni, akampa Renita. "Kunywa."

Renita alikunywa nusu, akamrudishia nusu.

Profesa alikuwa amesimama katikati ya chumba kama mtu aliyeteremshwa kituo kisicho chake. Bibi alichomoa ile karatasi kwenye tundu, akamkabidhi. Aliilaza mezani, akainyoosha kwa kiganja. Majina sita, visanduku vitupu, na kila mkunjo umeacha mstari.

"Sijaelewa kitu kimoja," alisema. "Mwezi wa nane niliuliza. Niliwauliza kabisa, Jumamosi inawafaa? Hamkusema kitu."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Renita. "Hatukusema kitu."

Profesa alifungua mdomo kubisha, akaufunga. Alimgeukia Verna. "Na jana ulikuja kwa ajili hiyo."

"Jana nilikuja kwa ajili hiyo." Verna alileta boksi la miwani, halijafunguliwa, akaliweka kando ya karatasi. "Nikasema asante. Kosa langu nalo lipo."

Mgeni alicheka kidogo, vibaya, akajifuta pua iliyobabuka. Alichukua kalamu. Mbele ya kila jina aliandika "hakufika", mara sita, bila haraka. Chini ya jina la sita akaandika lake mwenyewe, Joanne Pruitt, na mbele yake: "hakufika". Akaangalia kazi yake.

"Watanitafuna," alisema.

"Na mimi?" Renita aliuliza. Verna alishtuka, maana binti yake hakuwa na kawaida ya kuuliza hivyo, waziwazi. "Nafasi yangu imekwenda?"

"Sijui, Renita. Sikudanganyi. Wameandika siku ya mizinga, hawakuandika siku gani. Hapo ndipo nitakapowabana. Lakini nahitaji hesabu, hata za siku ya kawaida. Nyuki wakitoka na kuingia, jua likiwa zima." Alisita. "Ndege yangu ni Jumatano. Jumatatu inawafaa?"

Renita alitazama meza. Ni mazoea, shingo iliinama yenyewe. Kimya kiliingia, na Verna akaona jinsi mgeni alivyovuta pumzi ya kusema safi sana, kisha asiseme. Aliishika ile pumzi. Akaweka kalamu chini, akangoja, na akaendelea kungoja, mpaka ikawa ndefu, mpaka hata Bibi akageuka kutazama.

"Inatufaa," alisema Renita. "Ndiyo. Wote sita. Nitapita kwao mmoja mmoja."

Alisukuma ufunguo wenye utepe mwekundu juu ya meza. Profesa aliurudisha upande wa Renita.

"Haya, mambo ya Jumatatu ni Jumatatu," alisema Kaylene kutoka jikoni, akiwa ameshashika mwiko. "Mwalimu, kaa ule. Na wewe kiongozi, vua hizo buti. Toka asubuhi zinanitazama."

Renita aliinama kufungua kamba. Miguu ilikuwa imevimba na buti ya kushoto ilikataa kutoka, ikabidi dada yake aweke mwiko chini, amshike kisigino, na kuvuta.